Fidla inakwaruza na uzi wa E unapiga mluzi: kosa ni la uta, mkono au daraja?

nyuzi_nne

Wakuu, habari za jioni. Najifunza fidla, mwezi wa pili sasa. Fidla ni ya 4/4 (saizi kamili), ile ya seti inayokuja na uta, rosini (utomvu mkavu wa kupaka kwenye uta) na begi lake. Nyuzi nazityuni kwa programu ya simu, A iko 440 (mitetemo kwa sekunde). Shida ni hizi.

Kwenye G na D (nyuzi nne ni G, D, A na E, kutoka nene hadi nyembamba) noti ikianza inakwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Nikipunguza mkandamizo inageuka hewa tupu, noti haipo. Nikitoka A kwenda E mtupu (bila kidole), badala ya noti unatoka mluzi mkali wa juu sana. Halafu nikikaribia ncha ya uta sauti inakonda, na uta wenyewe unateleza kuelekea kwenye ubao wa vidole.

Rosini napaka kila siku kabla ya kuanza, kama mara 20 kwenda na kurudi. Uta nimeukaza mpaka mbao imenyooka. Nyuzi ni zile zile za seti. Nianze kurekebisha nini? Sipendi kununua nyuzi za bei halafu nije kugundua tatizo ni mkono.

---

mkonowakulia

Mkuu, kabla hujanunua chochote tenganisha chombo na mkono. Weka uta pembeni, piga kila uzi kwa ncha ya kidole kama unavyopiga gitaa, uuache ulie mpaka ufe wenyewe. Ukilia safi, fidla haina ugonjwa mkubwa na kelele inatoka kwenye uta au mkono. Ukitetema kama nyuki ndani ya kopo, kuna kitu kimelegea, na mazoezi hayatakiponya.

Halafu shika uta, maana hapo kosa liko wazi kwenye maelezo yako. Uta wa fidla haukazwi mpaka mbao inyooke. Mbao imepinda kuelekea kwenye singa (zile nywele za uta), na mpindo huo ndio springi yake. Ukiumaliza, uta unadundadunda, na mkono unakazana kuutuliza. Legeza skrubu mpaka singa zilegee kabisa, kisha kaza taratibu. Angalia pale katikati ambapo mbao na singa zimekaribiana zaidi: penseli ya kawaida ipite kwa shida, kama milimita 7 hivi, basi, usiendelee. Ukimaliza kupiga, legeza tena. Singa usiziguse kwa vidole, mafuta ya ngozi yakiingia sehemu hiyo haitashika uzi.

Rosini mara 20 kila siku ni nyingi mno. Kiasi hicho, hata mara 40, ni cha singa mpya ambazo hazijawahi kuonja rosini, kwa sababu singa kavu haitoi sauti kabisa. Zikishakolea, mara 3 hadi 5 zinatosha saa kadhaa za kupiga. Tazama chini ya nyuzi, kati ya daraja (kile kibao kilichosimama kinachobeba nyuzi) na ubao wa vidole: ukikuta unga mweupe umetanda, sehemu ya mkwaruzo wako umeshaipata. Futa nyuzi, ubao wa fidla na mbao ya uta kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha piga siku nne au tano bila kuongeza rosini.

Sasa kuhusu kiti kinachoburutwa na hewa tupu. Singa zenye rosini hushika uzi na kuuvuta pembeni. Mvuto ukizidi, uzi unachoropoka, unarudi, unashikwa tena. Kwenye A mtupu hilo linatokea mara 440 kwa sekunde, kwenye G mara 196. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza hili tangu karne ya 19. Uzito wa uta ukizidi kasi yake, uzi unazuiwa usichoropoke kwa wakati wake, na unasikia kiti. Uzito ukipungua mno, unachoropoka zaidi ya mara moja ndani ya mzunguko mmoja, na unasikia hewa. Wewe unaruka kutoka kosa moja hadi la pili na kuipita noti njiani, kwa sababu unachobadilisha ni uzito peke yake. Uache uzito ulivyo, ongeza kasi ya uta. Wanaoanza karibu wote wanavuta uta polepole mno kwa kuogopa kelele, na huo upolepole ndio unaoileta.

Kitu cha tatu ni mahali singa zinapogusa uzi. Kutoka daraja hadi mwisho wa ubao wa vidole kwenye fidla ya 4/4 kuna kama milimita 55 hadi 60. Wewe kaa katikati. Ukisogelea daraja uzi unadai uzito mwingi zaidi, na nafasi ya kukosea inakuwa finyu. Mmarekani John Schelleng alilionyesha hilo kwa mchoro mwaka 1973, uzito wa chini na wa juu unaokubalika kwa kila umbali kutoka darajani. Pale katikati hata mkono usiotulia unasamehewa.

Kuteleza kuelekea kwenye ubao kunatokana na uta kutokuwa sambamba na daraja. Ukivuta, mkono wa mwanafunzi huzunguka kwenda nyuma ya mwili badala ya kwenda mbele. Nusu ya kwanza ya uta bega na mkono wa juu vinahusika. Ukishapita katikati, kazi ni ya kiwiko, nacho kinafunguka. Ukikaribia ncha, kiganja kipeleke mbele kidogo, kama unamkabidhi kitu mtu aliyesimama mbele yako upande wa kulia. Utahisi kama unapindisha. Simama mbele ya kioo, fidla ikionekana kwa ubavu, utaona ndipo uta umenyooka.

Kuna njia rahisi ya kuufundisha mkono. Chukua mirija miwili ya soda, mirefu, isimamishe wima kwenye vitundu vya duara vya juu vya yale matundu yenye umbo la herufi f, mmoja kila upande. Piga uta ukipita kati ya mirija na daraja. Ukiteleza kuelekea kwenye ubao, uta unagonga mrija, unajua palepale. Usiikate mifupi, ikidumbukia ndani utahangaika kuitoa.

Zoezi la kila siku, dakika 10: metronomu 60 (midundo 60 kwa dakika), uzi wa D mtupu. Weka singa juu ya uzi na usivute. Acha uzito wa mkono ukae, kisha tikisa uta kidogo kushoto na kulia mpaka uone uzi unakwenda na singa bila sauti yoyote. Huko ndiko kushika. Sasa vuta, na palepale uta unapoondoka punguza uzito kidogo. Noti inaanza na kichwa kidogo kama herufi "t", halafu inafunguka. Ukisahau kupunguza, kiti kinarudi. Tumia nusu ya katikati ya uta kwa midundo miwili, kisha uta mzima kwa midundo minne. Hamia A, kisha G. E iache mwisho.

---

fundi_mbao

Naongezea upande wa chombo, kwa sababu fidla nyingi za seti zinatoka kiwandani na daraja ambalo halijachongwa vizuri. Hapo mkono mzuri utafanya kazi mara mbili.

Chukua rula ya milimita. Nenda mwisho wa ubao wa vidole, upande wa daraja, pima kutoka juu ya ubao hadi chini ya uzi. E iwe milimita 3 hadi 3.5, G iwe 5 hadi 5.5. Zikizidi sana, vidole vya kushoto vinachoka, noti inakosa kushikwa sawasawa, na uzi usioshikwa sawasawa unapiga mluzi au unakoroma hata uta ukiwa sahihi.

Tazama daraja kwa ubavu. Uso wa upande wa kishika nyuzi (kile kinachofunga nyuzi upande wa kidevu) usimame wima, pembe ya digrii 90 na ubao wa juu wa fidla. Ukityuni mara kwa mara, nyuzi huvuta kichwa cha daraja kuelekea kwenye vigingi (vile vya kukazia nyuzi), na siku moja linaanguka. Kulirudisha, kaa chini, fidla mapajani, shika kichwa cha daraja kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili, sogeza kidogo kidogo. Pitisha ncha ya penseli laini kwenye vijia vya nyuzi kabla ya kurudisha, nyuzi zitateleza badala ya kulivuta. Miguu ikae bapa bila mwanya wa hata karatasi, na daraja zima liwe kwenye mstari unaounganisha vile vikato vidogo vya ndani vya matundu ya f.

Tazama na mpindo wa juu. Daraja lililo bapa mno linaufanya uta uguse nyuzi mbili kwa pamoja, na mwanafunzi anadhani anakwaruza kumbe anapiga D na A bila kujua. Jaribu hivi: piga A kwa uzito wa kawaida, inua na ushushe kiwiko kidogo sana. Ukigusa jirani papo hapo pande zote mbili, mpindo umeliwa.

Nguzo ya ndani. Chungulia kwenye tundu la f la upande wa E, utaona kijiti kimesimama nyuma kidogo ya mguu wa daraja, kama milimita 3. Hakigundishwi, kinashikwa na mkandamizo wa nyuzi tu. Kwa hiyo usilegeze nyuzi zote nne kwa mpigo. Ukibadilisha nyuzi, toa moja, weka moja. Ukisikia kijiti kinagaragara ndani, legeza nyuzi, usityuni tena mpaka fundi akisimamishe, la sivyo daraja linaweza kuukandamiza ubao wa juu ukapasuka.

Kama jaribio la kupiga kwa kidole limetoa mtetemo wa nyuki, kagua kwa mpangilio huu: skrubu ndogo za kurekebishia nyuzi (ile isiyokazwa ndiyo mshukiwa wa kwanza), kibao cha kidevu kama kinagusa kishika nyuzi, kile kimrija kidogo cha plastiki kwenye uzi wa E kama kinaning'inia hewani badala ya kukaa juu ya daraja, kisha ukingo wa fidla. Gonga ukingo mzima kwa kifundo cha kidole. Palipoachia gundi panatoa sauti ya ukavu, tofauti na kwingine. Fidla hugundishwa kwa gundi ya ngozi, na joto pamoja na unyevu huilainisha, ndiyo maana fidla haiachwi ndani ya gari juani.

Nyuzi za seti ni za chuma za bei ya chini, na kweli zina ukali. Lakini zibadilishe baada ya haya yote.

---

mluzi_wa_E

Mluzi wa E una sababu yake tofauti, msiuchanganye na mkwaruzo. Uzi wa E wa kawaida ni chuma kitupu, hauna waya uliozungushwa juu yake kama G na D. Badala ya kutetema pembeni unaweza kujisokota kwenye mhimili wake, na kwa kuwa hakuna kinachoupunguza kasi, unapiga ile sauti ya juu isiyo na noti. Inatokea zaidi uzi ukiwa mtupu, na zaidi kwenye kuvuka kutoka A, kwa sababu uta unatua kwa mshazari na bila uzito wa kutosha.

Kwanza angalia mkono wa kushoto. Shina la kidole cha shahada, pale kinapoungana na kiganja, liko jirani kabisa na uzi wa E. Likiugusa hata kidogo, mluzi unatoka. Angalia pia kidole cha kwanza kilichosimama kwenye A, kikilala kidogo kinaugusa E kwa ubavu. Simamisha vidole kwenye ncha zake na ukate kucha.

Pili, wakati wa kuvuka, kiwiko cha kulia kishuke kabla kidogo ya noti, singa ziwe zimeshakaa juu ya E ndipo ubadilishe. Usipunguze uzito kwa woga. Hapa mluzi unakuja kwa wepesi, sio kwa kukandamiza. Sogea kama milimita 5 karibu na daraja kuliko ulivyokuwa kwenye A.

Tatu, ukishindwa katikati ya wimbo, kidole cha nne kwenye A kinatoa noti ile ile ya E. Kitumie bila aibu, kwenye muziki ulioandikwa utakuta namba 4 imewekwa juu ya noti kwa sababu hiyo hiyo.

Na zipo nyuzi za E zilizotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Warchal Amber E ina sehemu iliyosokotwa kama springi, na D'Addario wana Kaplan isiyopiga mluzi. Ukibadilisha uzi mmoja tu, badilisha huo.

Kuna na mluzi mwingine wa kushoto, usikuchanganye. Kidole cha tatu kwenye nafasi ya kwanza kinakaa robo ya urefu wa uzi. Ukikigusisha bila kukishusha mpaka chini, uzi unatoa noti ya oktava mbili juu ya uzi mtupu, laini kama filimbi. Wanaopiga taarab wanakutana nayo sana kwenye kuteleza kutoka noti hadi noti: kidole kinanyanyuka kidogo njiani, filimbi inachomoza. Kidole kiteleze kikiwa kimeshuka, kinacholegea ni kidole gumba cha nyuma ya shingo ya fidla.

---

nyuzi_nne

Asanteni sana wakuu. Nimelegeza uta mpaka penseli, nimefuta unga, ulikuwa umetanda kweli. Kupiga kwa kidole nyuzi zinalia safi. Mkwaruzo wa D umepungua siku hiyo hiyo, G bado kidogo. Nimepima: E ni milimita 5, G ni 7.5. Hapa nilipo hakuna fundi wa fidla. Naweza kulichonga daraja mwenyewe? Pia, usiku naweka kizuia sauti cha raba kwa ajili ya majirani, kina madhara?

---

fundi_mbao

Hiyo iko juu kwa milimita 2 kila upande. Linachongeka, ila nunua daraja la pili kwanza, bei yake ni ndogo, ujifunzie kwenye la zamani.

Kanuni ni moja: upunguze juu, miguu usiiguse. Uzi ukishuka milimita 2 pale mwisho wa ubao, darajani ni zaidi kidogo, kwa hiyo anza na 2 upime upya. Legeza nyuzi zikiwa bado kwenye vigingi, toa daraja. Hapa tu huwezi kukwepa kulegeza zote nne, kwa hiyo fidla ilale bila kutikiswa, ile nguzo ya ndani isianguke. Kwa penseli chora mstari unaofuata mpindo wa sasa, milimita 2 chini yake, lakini usinakili ubapa kama upo: mpindo wa kawaida ni wa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 42. Chora kwa bikari kwenye karatasi ngumu, kata, utumie kama kipimo. Ondoa kwa msasa uliofungwa kwenye kibao, usitumie kisu. Kisha punguza unene wa juu kwa kusaga ule uso wa mbele, upande wa ubao wa vidole, mpaka kichwa kiwe kama milimita 1.3. Daraja nene ni kizuia sauti, linameza mtetemo kabla haujafika kwenye ubao. Uso wa nyuma uache bapa.

Vijia vya nyuzi: kutoka E hadi G iwe milimita 33 au 34, vijia vingine viwili vigawanye nafasi hiyo sawasawa. Kina kisizidi nusu ya unene wa uzi. Kijia kirefu kinabana uzi, sauti inaziba.

Usipojiamini, fundi wa udi au gitaa mwenye mkono mtulivu anaweza, mpe vipimo hivi kwenye karatasi.

---

mwambao

Wakuu, kwa wanaopiga maeneo ya pwani nina la kuongeza kwenye rosini na uta. Rosini ya rangi nyeusi ni laini na inanata zaidi, inafaa kwenye baridi na ukavu. Kwenye joto na unyevu inakuwa kama gundi, mkwaruzo hautaisha hata upake mara mbili tu. Chukua ile ya rangi ya kahawia nyepesi, ni ngumu zaidi. Kama ni mpya na inang'aa kama kioo, ikwaruze kwanza kwa msasa laini, la sivyo singa zinateleza juu yake bila kuchukua chochote.

Singa pia zinarefuka hewa ikiwa na unyevu, zinafupika ikikauka. Uta uliokazwa vizuri asubuhi barazani unaweza kukazika mno ukiingia nao chumba chenye kiyoyozi. Pima kwa penseli kila unapoanza, usihesabu mizunguko ya skrubu. Nyuzi zifute jasho kila ukimaliza, E ikianza kupata kutu singa zinaukamata vibaya na hakuna zoezi litakalosaidia.

---

mkonowakulia

Hapo kwa mwambao nakubali, ila idadi ya kupaka rosini, hata ile yangu ya 3 hadi 5, usiichukue kama sheria. Sikiliza: singa zikianza kuteleza na sauti kuwa ya hewa ukiwa na uzito wako wa kawaida, ongeza. Zikitoa vumbi unapopiga, acha.

nyuzi_nne, G inayobaki nyuma ni kawaida yake. Ni uzi mnene, unachelewa kuitika. Inua kiwiko cha kulia mpaka kilingane na uta, ongeza uzito wa mkono wote kupitia kidole cha shahada, na upe mwanzo wa noti muda kidogo zaidi kabla hujaongeza kasi. Kwenye ncha ya uta fanya hivyo zaidi, kwa sababu uta una gramu 60 tu na uzito wake mwingi uko upande wa kitako, hapo unaposhika. Karibu na kitako ni kinyume: kidole kidogo, kikiwa kimekunjwa juu ya mbao, ndicho kinachoubeba uta usiuangukie uzi. Kikinyooka na kukakamaa, kila ukibadilisha kutoka kusukuma kwenda kuvuta utasikia mkwaruzo mfupi.

Mwisho, kagua kama noti zenyewe zimekaa. Kidole cha tatu kwenye D kinatoa G. Kikikaa sawasawa, uzi wa G mtupu unatetema wenyewe bila kuguswa, utauona kwa macho ukinenepa. Kikikosea kidogo tu, hautetemi, na sauti inasikika kavu na kali. Wengi huulaumu uta kwa ukali huo.

Kizuia sauti cha raba hakiharibu fidla. Ila kinafyonza sauti za juu, zile zile unazotaka sikio lako lizikamate. Usiku fanya kazi za vidole vya kushoto, dakika 10 za uta mtupu zifanye mchana bila hicho kitu.